MRI kwa Mtoto Mwenye Saratani ya Matezi: Picha Inajibu Swali Gani?

Siku hizi mzazi akisema mwanawe ana uvimbe, kabla hajamaliza maneno yake majirani wameshamuuliza: “Umempeleka MRI?” Neno hili limeingia mitaani kama lilivyoingia zamani neno eksirei, nalo limepata heshima ya pekee. Kipimo ni ghali, mashine ni kubwa, na picha zake hutoka safi kana kwamba mtu amefunguliwa bila kisu. Wako wazazi wanaouza kiwanja, au kukopa kwenye chama cha kufa na kuzikana, ili mtoto apitishwe humo. Wako pia wanaoikimbia mashine hiyo, wakiamini kwamba sumaku yake huunguza damu.

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tulizungumze jambo hili kwa utulivu, tena kwa kushika ugonjwa mmoja tu, nao ni saratani ya matezi kwa watoto, ambayo madaktari huiita limfoma. Nimeuchagua kwa kuwa ni miongoni mwa saratani za watoto zinazopona vizuri zikiwahiwa na kutibiwa kwa ukamilifu. Nimeuchagua pia kwa kuwa sehemu kubwa ya historia yake iliandikwa hapa hapa kwetu, katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria.

Tuanze na matezi yenyewe. Kila mtu anayo, madogo kama punje za maharage, shingoni, kwapani, kinenani, na mengine mengi ndani ya kifua na tumbo. Ni vituo vya ulinzi. Mtoto akiumia mguu, kinenani huota mtoki, maana yake askari wa mwili wamekusanyika hapo kupambana na vijidudu. Kwa hiyo si kila tezi lililovimba ni saratani, la hasha. Mengi huvimba kwa sababu ya vidonda, koo, meno mabovu au kifua kikuu. Saratani ya matezi ni pale ambapo chembe za ulinzi zenyewe zinapoanza kuzaana bila mpango, hazisikii amri ya kuacha, na zinahamia mahali pasipo pao.

Ziko aina nyingi, lakini mzazi akizijua mbili zinamtosha. Ya kwanza ni ya Hodgkin, ambayo huwapata zaidi vijana waliokaribia au waliovuka balehe, huanzia shingoni na kifuani, na aghalabu huenda polepole. Ya pili ni ya Burkitt. Hii huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana wengi kuliko wasichana. Huvimbisha taya mpaka meno yakalegea, au hujaza tumbo, na haina subira hata kidogo. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa saa 24 hadi 48. Ninaomba takwimu hiyo muishike vizuri, maana tutaihitaji mbele.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Hakujua ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na alipompapasa tumbo akakuta na humo mna uvimbe. Burkitt, ambaye alikuwa na jicho moja tu tangu ajali ya utotoni, ndiye aliyeona kile ambacho wengi wenye macho mawili walikuwa wakikipita: kwamba vile vimbe vya taya na vile vya tumbo, vilivyokuwa vikiandikwa kwa majina mbalimbali, ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Hakuishia hapo. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakatoka Kampala kuelekea kusini, wakipita Kenya na Tanganyika mpaka Afrika Kusini. Safari hiyo ilikuwa ya maili 10,000 hivi na ilichukua majuma kumi. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali moja: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Majibu waliyachora kwenye ramani, na ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa uko katika nchi za joto na mvua, na haupo kwenye miinuko yenye baridi wala kwenye ukame. Kutokana na ramani hiyo watafiti walifika kwenye malaria, na kwenye kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr, katika chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huu, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu moja. Swali la Burkitt lilikuwa: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Yeye aliliuliza juu ya ramani ya Afrika. Daktari anayempokea mtoto leo analiuliza swali lile lile juu ya ramani ya mwili. Hiyo ndiyo kazi ya picha katika saratani ya matezi, iwe ya eksirei, ya ultrasaundi, ya CT-Scan au ya MRI. Haisemi ugonjwa ni nini. Husema umefika wapi.

Na kwa nini ijulikane umefika wapi? Kwa sababu dawa hupimwa kwa daraja la ugonjwa. Kwa saratani ya Hodgkin madaraja ni manne. Ugonjwa ukiwa katika kundi moja la matezi ni daraja la kwanza. Ukiwa katika makundi mawili au zaidi, lakini yote upande mmoja wa ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ni la pili. Ukiwa juu na chini ya msuli huo, ni la tatu. Ukishasambaa katika mapafu, ini au uboho wa mifupa, ni la nne. Ya Burkitt ina hesabu yake nyingine, lakini maana ni ile ile. Mtoto akipewa daraja la chini kuliko ugonjwa wake, atapata dawa pungufu na ugonjwa utarudi. Akipewa la juu kuliko linalostahili, atanyweshwa sumu ambayo hakuihitaji. Dawa za saratani ni sumu, tusidanganyane. Uzuri wake ni kwamba zinaiua saratani kabla ya kumshinda mtoto.

Zamani swali hili lilijibiwa kwa mikono ya daktari, eksirei ya kifua, sindano ya uboho na sindano ya maji ya uti wa mgongo. Huko Ulaya na Marekani walikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi, hasa katika miaka ya 1970, mgonjwa wa Hodgkin, hata akiwa mtoto, alipasuliwa tumbo lote na kuondolewa bandama, si kwa kumtibu, bali kwa kutaka kuona tu kama ugonjwa umeshuka huko. Mtoto asiye na bandama hubaki maisha yake yote katika hatari ya kushambuliwa ghafla na vijidudu vya damu. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kujua. Kipimo cha CT-Scan kilipoenea, upasuaji huo ukaachwa, na kwa hilo CT-Scan inastahili shukrani yetu.

Lakini nayo ina bei yake. CT-Scan ni eksirei nyingi zinazopigwa kwa mzunguko na kuunganishwa na kompyuta, na eksirei ni mionzi inayoweza kuvuruga chembe za mwili. Mtoto huathirika zaidi ya mtu mzima kwa sababu chembe zake bado zinagawanyika kwa kasi, na kwa sababu ana miaka mingi mbele yake ambamo madhara yanaweza kujitokeza. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha taarifa ya vijana na watoto takriban 180,000 waliokuwa wamepigwa CT-Scan. Walikadiria kwamba katika watoto 10,000 wa chini ya miaka kumi wanaopigwa picha ya kichwa, ndani ya miaka kumi inayofuata atapatikana mmoja wa ziada mwenye saratani ya damu na mmoja wa ziada mwenye uvimbe wa ubongo. Mwaka 2023 utafiti mkubwa zaidi wa nchi kadhaa za Ulaya, uliofuatilia watu karibu milioni moja, ulithibitisha kwamba hatari hiyo ipo, na kwamba ni ndogo.

Ni ndogo, ndiyo. Mzazi aliyeambiwa leo kwamba mwanawe apigwe CT-Scan asimshike mkono akamkimbiza nyumbani. Hatari ya kutojua ni kubwa mara nyingi zaidi. Lakini mtoto wa limfoma hapigwi picha mara moja. Hupigwa mwanzoni, katikati ya dawa, mwishoni, na pengine tena baada ya hapo. Katika nchi tajiri huongezewa na kipimo kiitwacho PET, ambapo mtoto hudungwa sukari iliyotiwa chembechembe za mionzi, na kwa kuwa saratani ni lafi wa sukari, mahali ilipo hung’aa kwenye picha. Kipimo hicho kikiunganishwa na CT-Scan ni kizuri sana, na mionzi yake ni mingi. Basi watu wakajiuliza: mtoto huyu tunayemponya ili aishi miaka sitini zaidi, kwa nini tumlimbikizie mionzi kama iko njia nyingine?

Njia hiyo nyingine ndiyo MRI. Mimi ni mtu wa redio, na nilipoelezwa namna inavyofanya kazi nilifurahi, kwa sababu MRI ni kituo cha redio. Mwili wetu sehemu kubwa ni maji na mafuta, na ndani ya maji na mafuta mna haidrojeni. Kiini cha kila chembe ya haidrojeni ni kama kijisindano cha dira. Mtoto akiingizwa katika sumaku kubwa, visindano hivyo hujipanga kuifuata. Kisha mashine hurusha mawimbi ya redio, visindano hivyo hupepesuka, na mawimbi yakikoma hurudi mahali pake huku navyo vikitoa mawimbi yake hafifu. Mashine husikiliza. Visindano vya mafuta hurudi kwa namna yake, vya maji kwa namna nyingine, vya uvimbe kwa nyingine tena, na kompyuta hugeuza tofauti hizo kuwa picha. Sumaku iliyozoeleka hospitalini, yenye nguvu ya tesla 1.5, hutangaza kwenye masafa ya megahezi 64 hivi, chini kidogo tu ya bendi ya FM mnayotusikilizia. Ndiyo maana chumba chake hufunikwa kwa shaba au chuma pande zote: stesheni za nje zikipenya, huharibu picha.

Sumaku hiyo ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko ile ya dunia inayogeuza dira ya baharia, lakini hakuna mionzi ya eksirei humo, wala damu haiungui. Waliobuni namna ya kupata picha kwa njia hii, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003.

Kwa saratani ya matezi iko mbinu moja ambayo imeipa MRI nguvu mpya, nayo ni kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Katika nyama ya kawaida maji huzurura kwa nafasi kati ya chembe na chembe. Katika limfoma chembe zimebanana kama abiria wa daladala ya Kariakoo saa kumi na mbili jioni. Maji hayana pa kupita. Mashine huona mkwamo huo, na mahali penye mkwamo hung’aa. Mtoto hupigwa picha ya mwili mzima, toka kichwani hadi magotini au miguuni, na daktari huona taa zilikowaka. Dawa ikianza kuua chembe, msongamano hupungua, maji huanza kutembea tena, na taa hufifia.

Je, inaaminika? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 22 wa miaka 8 hadi 33, wenye limfoma na saratani nyingine, ambao kila mmoja alipimwa kwa njia zote mbili. Kwa jumla walikuwa na vimbe 174. PET pamoja na CT-Scan iliona 163. MRI ya mwili mzima, ikisaidiwa na dawa ya madini ya chuma iliyodungwa mshipani, iliona 158. Tofauti ni vimbe vitano. Kwa upande wa mionzi, kipimo cha kwanza kilimpa kila mgonjwa wastani wa milisivati 12.5, wakati ambapo mwanadamu wa kawaida hupata zipatazo 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. MRI haikumpa hata moja. Wagonjwa 22 ni wachache, na mtu asijenge nyumba juu ya hao peke yao. Lakini wataalamu wa nchi mbalimbali wamefika karibu na hapo hapo: katika kusema ugonjwa umefika wapi, MRI iko karibu sana na PET.

Udhaifu wake nao tuutaje. Mapafu yamejaa hewa, na hewa haina haidrojeni ya kutosha kutoa sauti, tena hayatulii. Vipunje vidogo vya saratani ndani ya mapafu huonekana vizuri zaidi kwa CT-Scan, na hospitali nyingi zinazotumia MRI bado huongeza CT-Scan ya kifua yenye mionzi kidogo. Pili, hata bandama na matezi mazima ya mtoto hung’aa katika ile mbinu ya maji, kwa hiyo picha inataka jicho lililozoea. Tatu, na hili kwangu ndilo zito zaidi, matibabu yakiisha mara nyingi hubaki kinundu kifuani. Ni kovu, au ni saratani iliyo hai? MRI huona kinundu, hupima ukubwa wake, lakini katika kutamka kama kiko hai au kimekufa PET bado imetangulia. Si jambo dogo. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza mwaka 2007, watoto wa Hodgkin walioonyesha kwa PET kwamba ugonjwa umetii baada ya duru mbili za dawa hawakupigwa mionzi ya tiba, na wengi wao ugonjwa haukurudi. Fikiria binti wa miaka kumi na minne anayeepushwa mionzi ya kifua, ambayo ingemweka katika hatari ya saratani ya matiti ukubwani. Mbele ya faida ya namna hiyo, milisivati kumi na mbili za kipimo ni bei inayolipika. Kwa hiyo asije mtu akasema MRI imeifuta PET. Haijaifuta.

Kisha yuko mtoto mwenyewe, ambaye katika mazungumzo ya mashine husahauliwa. CT-Scan huchukua sekunde kadhaa. MRI ya mwili mzima huweza kuchukua dakika 40 hadi saa nzima, ndani ya bomba jembamba lenye kelele kama za fundi bati, na anatakiwa asitikisike. Mtoto wa miaka kumi akielezwa vizuri, akazibwa masikio, mama akakaa karibu, huweza. Wa miaka minne aghalabu hawezi, itabidi apewe nusu kaputi. Na hapo pana hatari ambayo kila mzazi aijue: mtoto mwenye uvimbe mkubwa kifuani akilazwa chali na kupewa dawa ya usingizi, uvimbe huweza kuikandamiza njia ya hewa ikafunga. Ikiwa mwanao hukohoa au hushindwa kupumua akilala chali, au usiku hulala ameketi, mwambie daktari na mtu wa usingizi kabla hajaingia, hata kama hawakuuliza. Wakati mwingine uamuzi wa busara ni kuacha kipimo hicho na kutumia kingine.

Vilevile vyuma. Sumaku ile haizimwi usiku wala sikukuu. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka sita aliuawa ndani ya mashine baada ya mtungi wa oksijeni kuingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku. Mkiulizwa habari za hereni, pini, simu, funguo au chuma kilichowekwa mwilini na wapasuaji, jibuni kweli yote.

Sasa turudi nyumbani. Mashine za MRI ziko katika nchi zetu, nyingi zikiwa katika miji mikubwa na hospitali za rufaa, na foleni ni ndefu. Zile zilizozoeleka hupozwa kwa gesi ya heli iliyogeuzwa kimiminika, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukikatika kwa muda mrefu gesi hiyo hutoweka na kuijaza tena ni gharama kubwa. Kwa hiyo si ajabu kufika hospitali ukaambiwa mashine imeharibika. Je, mtoto aliyevimba taya angoje?

Asingoje. Hapa ndipo ile takwimu ya saa 24 hadi 48 inapohitajika. Limfoma haijulikani kwa MRI. Hujulikana kwa kuchukua kinyama cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. Hakuna picha duniani, hata ingegharimu nyumba, inayoweza kuichukua nafasi ya kinyama hicho. Baada ya hapo vipimo vya damu, ultrasaundi ya tumbo, eksirei ya kifua, uboho na maji ya uti wa mgongo vinatosha kwa watoto wengi wa Burkitt kuanza dawa. Ultrasaundi haina mionzi, haitaki usingizi, na hospitali nyingi zinayo. Mzazi anayekaa majuma matatu akitafuta fedha za MRI huku kinyama hakijachukuliwa, anaupa ugonjwa huu kitu pekee unachokitaka, yaani muda. Na mimi naona kwamba hospitali ikilazimika kuchagua kati ya sumaku mpya na mtaalamu wa kusoma vinyama anayetoa jibu ndani ya siku tatu, imchukue mtaalamu.

Iko hali moja ambapo MRI hapa kwetu ni jambo la dharura. Burkitt huweza kuota kandokando ya uti wa mgongo na kuubana. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira juzi, jana anajikwaa, leo hasimami, hajui kama amekojoa. Wengi hudhani amerogwa, au hupewa dawa za kifua kikuu cha mifupa pasipo kupimwa. Katika hali hiyo hakuna kipimo kinachoonyesha vizuri kama MRI ni wapi uti umebanwa na umebanwa na nini, na saa zinahesabika. Ikiwa mashine haipo, matibabu yasisubiri, kwa kuwa uvimbe huu husinyaa haraka kwa dawa. Burkitt mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona vimbe vya taya vikiyeyuka baada ya dozi moja au mbili. Miguu ya mtoto aliyewahiwa huweza kurudi. Ya aliyecheleweshwa mara nyingi hairudi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona, na limfoma ya Burkitt na ya Hodgkin zimo katika saratani sita zilizochaguliwa kuwa kipimo cha lengo hilo. Katika nchi tajiri watoto wa Burkitt wapatao tisa katika kumi hupona. Kwetu hatujafika huko, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika hospitali, kukatiza dawa, na dawa kutopatikana. Upungufu wa sumaku uko mbali sana chini ya orodha hiyo.

Basi mzazi akiambiwa na daktari “tunataka MRI”, aulize bila woga maswali haya: Kinyama kimeshachukuliwa? Picha hii itabadilisha nini katika dawa za mwanangu? Ultrasaundi haiwezi kujibu? Atahitaji usingizi, na nani atamwangalia? Tutapiga tena lini? Daktari mzuri hachukii kuulizwa. Na kipimo kikishafanywa, usiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Omba picha zenyewe, kwenye CD au namna nyingine waliyo nayo, ziandikwe jina na tarehe, uziweke mahali pakavu mbali na watoto, na uzibebe kila unapokwenda kliniki, hata ukihamishiwa mkoa mwingine. Baada ya duru mbili za dawa daktari atataka kujua kama uvimbe umepungua, na hawezi kulijua hilo kwa kutazama picha ya pili asipokuwa na ile ya kwanza.